Episodi 64 ndani ya atelie: namna ya kupanga kutazama upya Fullmetal Alchemist: Brotherhood mkiwa kundi

Kundi linalotazama upya mfululizo wa anime (katuni za Kijapani) huwa na watu wa aina mbili: wanaojua mwisho na wasioujua. Wanaojua wanawashwa na ulimi. Wasiojua wana haki ya kushtuka na kulia wenyewe, kwa saa yao, kama wenzao walivyolia zamani. Kazi ya mwandaaji ni kuwaweka wote chumba kimoja bila mmoja kumnyang'anya mwenzake kitu. Umeme, mabenchi, mikate, hayo yote ni ya kusaidia hilo.

Mimi ni fundi cherehani. Atelie yangu iko Kamalondo, Lubumbashi, ndani ya parseli ya familia. Kiangazi kikifika, Jumamosi mchana tunasogeza meza ya kukatia ukutani, tunapanga mabenchi, tunatazama Fullmetal Alchemist: Brotherhood. Wanaokuja ni wanafunzi wangu wa ushonaji, wadogo zangu, kijana fundi wa pikipiki kutoka Kampemba, mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha hapa, ambaye kwake anime bila sauti ya Kijapani si anime, na mama jirani aliyekuwa akichungulia mlangoni mpaka tukampa nafasi kwenye benchi. Nitaeleza tunavyofanya. Kama kundi lako linapenda mfululizo mwingine, badilisha namba za episodi, utaratibu uubakize.

Mfululizo mmoja, toleo moja

Kabla ya kuita watu, hakikisheni mnazungumzia kitu kimoja. Manga (hadithi ya picha za kuchora kitabuni) ya Hiromu Arakawa imezaa anime mbili, zote kutoka studio Bones. Ya kwanza ilianza 2003, ina episodi 51. Wakati huo manga ilikuwa bado inaandikwa, kwa hiyo anime ilishika njia yake na ikafika mwisho wake yenyewe. Ya pili, Brotherhood, ilionyeshwa Japani kuanzia Aprili 2009 hadi Julai 2010, ina episodi 64, nayo inafuata manga mpaka mwisho. Sura ya mwisho ya manga ilitoka Juni 2010, majuma machache tu kabla ya episodi ya mwisho.

Kwa hiyo mtu akija na kusema "ile mi nayua", muulize: uliona ya 51 au ya 64? Aliyeona ya 51 peke yake mweke upande wa wasiojua. Ataitikia kichwa kwa Jumamosi kadhaa, kisha hadithi itageukia njia asiyoitarajia, na uso wake siku hiyo ni moja ya zawadi za mwandaaji.

Urefu nao uangalieni mapema. Episodi 64 zinaingia kiangazi kimoja. Naruto ya kwanza ina 220 na Shippuden 500: kundi la Jumamosi haliwezi kubeba hizo, watu wataoa na kuhamia Kolwezi kabla hamjafika nusu. Kama ndiyo mara yenu ya kwanza na hamna hakika na kundi, Death Note ina 37, mtaimaliza kwa miezi miwili.

Sisi tunatumia sanduku la DVD alilonitumia baba mdogo kutoka Ubelgiji. Nalipenda kwa sababu ni halali, halihitaji mega za intaneti, na kila diski ina sauti ya Kifaransa na ya Kijapani. Lakini jueni jambo moja: DVD za Ulaya ni za zoni 2, na sehemu kubwa ya Afrika, sisi tukiwemo, tumewekwa zoni 5. Lekta (mashine za DVD) nyingi za bei ndogo zinasoma zoni zote, nyingine zinakataa. Beba diski moja dukani ujaribu kabla ya kulipa. Mwenye akaunti ya kulipia apakue episodi kwenye tableti usiku wa Ijumaa, mahali penye Wi-Fi nzuri. Msitegemee intaneti ya Jumamosi mchana. Na mwenye faili kwenye flashi azijaribu kwenye televisheni ile ile mtakayotumia: televisheni za zamani hazifungui video za H.265, na flashi iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili inayozidi giga 4.

Kata kalenda kwa hadithi

Ukichukua 64 ukagawa kwa nne, unapata Jumamosi 16 sawasawa, na ni mpango mbaya. Hadithi haipumui kila baada ya episodi nne. Mgawanyo wetu ni huu: 1–3, 4–7, 8–10, 11–14, 15–18, 19–22, 23–26, 27–30, 31–35, 36–40, 41–45, 46–49, 50–54, 55–59, 60–64. Ni Jumamosi 15.

Msibadilishe kitu kwenye siku tatu za mwanzo. Episodi ya 1 haikutoka kwenye manga, ilitungwa kwa ajili ya anime. Wapya wataiona ya haraka na yenye majina mengi, ndiyo maana wanahitaji ya 2 na ya 3 siku hiyo hiyo, ili waondoke wakiwajua Edward na Alphonse, ndugu wawili wa hadithi hii, na kilichowapata nyumbani kwao. Episodi ya 4 isiwe ya mwisho wa siku kamwe. Aliyeiona anajua sababu. Asiyeiona asirudishwe nyumbani nayo peke yake kichwani. Apate ya 5 mpaka ya 7 juu yake. Kinyume chake, ya 10 tunaimalizia siku, baada ya tatu tu, kwa sababu watu watataka kukaa. Siku hiyo usipange kitu kingine jioni.

Episodi ya 27 wengi husema iruke, kwa kuwa inarudia mambo yaliyopita. Mimi siiruki. Katikati ya miezi minne kuna waliokosa Jumamosi mbili kwa kilio au kwa kazi, na episodi hiyo inawarudisha njiani bila mtu kuwasimulia. Kuanzia 50 mpaka 63 karibu kila kitu kinatokea ndani ya siku moja, kwa hiyo hapo tunakwenda tano tano, na hakuna Jumamosi ya kuruka isipokuwa kwa msiba.

Sisi tunaanza Mei. Mvua imekwisha, na ukiwa chini ya mabati hilo ni jambo la kwanza: mvua ya Januari ikipiga bati, hata bafle (spika) ya kanisa haisikiki. Ukianza Jumamosi ya kwanza ya Mei, unamaliza katikati ya Agosti, na ukipoteza mbili tatu bado uko mbele ya mvua. Juni na Julai jioni zetu ni za baridi kali. Kila mtu aje na bulangeti lake. Wanaofanya egzameni deta, mtihani wa kumaliza sekondari, waachie wiki zao, waambieni wazi kwamba mtawasubiri, na muwasubiri kweli.

Angalia pia kalenda ya Mazembe, timu yetu ya mpira. Uwanja uko hapa hapa komini yetu, na siku ya mechi hakuna manseba (mwenye pikipiki ya kubeba watu) atakayemleta mtu kwa bei ya kawaida, wala hakuna atakayesikia mazungumzo. Na kukiwa na kilio kwenye avenyu, hakuna kipindi. Hata kama marehemu humjui. Tunazima, tunakwenda kukaa na watu, wiki nyingine tunaendelea.

Saa iandikwe kwa tarakimu, 15h00, ili asitokee mtu wa kuja usiku. Episodi moja ni kama dakika 24, nne ni saa moja na nusu na kidogo, weka mapumziko na mazungumzo, 17h45 watu wako mlangoni. Wakati wa kiangazi giza linaingia karibu saa kumi na mbili jioni, na wasichana wangapi watapewa ruhusa kurudi tena kama mara ya kwanza walifika nyumbani usiku? Wazazi wa wanafunzi wangu wanalala vizuri kwa sababu saa ya kumaliza haijawahi kuongezwa, isipokuwa siku ya mwisho.

Umeme

Panga kana kwamba kuran (umeme) itakatika, kwa sababu delestaji, kukatwa umeme kwa zamu, haiulizi kama Mustang, yule afisa wa jeshi katika hadithi, yuko katikati ya sentensi. Hesabu ni rahisi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200. Ikiwa ni betri ya asidi, usiinyonye kupita nusu, utaiua, hesabu 600. Televisheni ya LED ya inchi 32 inakula kama wati 50, lekta 15, bafle ndogo 20. Pamoja na kinachopotea kwenye konvertisa, inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, weka 100. Una saa sita, zaidi ya Jumamosi nzima. Projekta ni kitu kizuri, picha inajaa ukuta, lakini nyingi zinakula wati 150 na kupita, betri ile ile haifiki saa tatu, na mchana itabidi muzibe madirisha. Kwa watu chini ya ishirini mimi nashauri televisheni, iwekwe juu, usawa wa macho ya aliyesimama nyuma. Grupu la mafuta (jenereta) lina kelele na moshi. Kama hamna njia nyingine, liwe nje, mbali na dirisha, na ralonji ndefu.

Betri ichajiwe Ijumaa. Apewe mtu mmoja kazi hiyo, ajulikane. Kwetu ni yule fundi wa pikipiki, na huwa anapita saa nane mchana kupima volti kabla hata benchi halijawekwa.

Lugha ya chumba

Hapa ndipo makundi mengi yanapovunjika, kwa hiyo amueni kabla ya siku ya kwanza. Wapenzi wakubwa watataka VOSTFR, sauti ya Kijapani na maandishi ya Kifaransa chini. Nawaelewa. Lakini kwangu wanafunzi wanapindua mapindo ya sketi huku wakitazama, na mwenye sindano mkononi hawezi kusoma maandishi. Mama jirani Kifaransa anakisikia, kukisoma kwa haraka ile hawezi. Tukachagua VF, sauti ya Kifaransa, kwa Jumamosi zote, na yule mwanafunzi wa UNILU akapewa haki moja: kila baada ya wiki nne anachagua episodi moja tuliyokwisha kuiona, tunairudia kwa Kijapani, anatueleza sauti zinavyofanya. Zimekuwa siku nzuri sana. Mtu akisikia Alphonse kwa sauti ile baada ya kuijua hadithi, anasikia utoto wake wote ndani ya lile deraya tupu, vazi la chuma analoishi ndani yake.

Kwa wasiofuata Kifaransa vizuri, weka mkalimani mmoja, mmoja tu, akae kwenye benchi lao na kusema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. Aseme wakati watu wa kwenye ekrani wanatembea, wanapigana, au muziki unapita. Asiseme juu ya maneno. Asieleze kila sentensi: aseme nani anataka nini, basi. Na kukiwa kimya kwenye ekrani, naye awe kimya. Mkalimani mzuri achaguliwe kati ya wanaojua mwisho, maana ndiye anayejua neno gani dogo litahitajika baadaye. Lakini awe mtu wa kifua. Kwetu ni mdogo wangu wa kike, na hata mimi sijawahi kusoma chochote usoni kwake.

Kazi ya wanaojua, ulinzi wa wasiojua

Kumwambia mtu "nyamaza" kwa miezi minne hakuwezekani. Mpe kazi. Wanaojua wana daftari lao, linakaa kwenye droo ya cherehani. Kila mmoja akiona kitu ambacho mara ya kwanza kilimpita, hafungui mdomo, anaandika: namba ya episodi, alichoona, jina lake. Na vipo vingi. Sikilizeni tu yule mhalifu wa episodi ya 1 anavyosema juu ya nchi yake. Mpya anayasikia kama makelele ya mtu aliyeshindwa. Sisemi zaidi. Daftari linafunguliwa siku ya mwisho tu.

Kwa wote, tumeweka ramani. Ni kipande cha amerikani cheupe ukutani, nimechora mipaka ya Amestris, nchi ya hadithi, kwa chaki ya fundi, na kila hadithi inapofika mji mpya, mpya mmoja anasimama anauweka: Resembool, Liore, Central, Ishval, Rush Valley, Dublith, na kuendelea. Chini ya jina anaandika kwa neno moja kilichotokea pale. Hakikisheni ramani iko kamili kabla ya episodi ya 35. Wanaojua wanaelewa kwa nini nataka hivyo. Wasiojua wasiambiwe, waacheni wasimame mbele ya kile kitambaa wakati wa chai, vichwa vimeinama upande. Kuna binti aliyeweka kidole juu ya chaki, akakizungusha polepole, akasema "ngoja kwanza", na sisi wote tuliokuwa tunajua tukageuka kutazama ukuta mwingine.

Sheria za kulinda mwisho ni chache. Kwenye grupu la WhatsApp la wote hakuna neno lolote kupita episodi ya Jumamosi iliyopita. Wanaojua wana grupu lao, waseme huko mpaka wachoke. Picha za wasifu zenye mandhari ya mwisho ziondolewe. Dondoo za episodi inayofuata, zinazokuja baada ya wimbo wa kufunga, zikatwe: mwenye telekomande awe na kidole tayari. Na nyimbo za kufungulia zina hatari yake. Zinabadilika kwenye episodi ya 15, 27, 39 na 51, na kila mpya inaonyesha nyuso ambazo bado hamjakutana nazo. Sisi tunaimba wimbo mara moja tu, mwanzoni mwa kipindi, nyingine tunaruka. Wimbo mpya unapoingia tunauruka kabisa, tunaanza kuuimba wiki inayofuata. Kuruka nyimbo kunaokoa pia kama dakika tatu kila episodi.

Aliyekosa Jumamosi asije kuanza mbele. Ijumaa jioni atelie iko wazi kwa waliokosa, ninamalizia kazi za wateja na wao wanatazama. Diski haziazimwi nje ya parseli, hata kwa ndugu.

Koti

Nimeshona koti jekundu la Edward, lenye kofia, na mgongoni ile alama nyeusi: msalaba, nyoka amejizungusha, mabawa na taji juu. Alama nimeikata kwenye kitambaa cheusi, nikaipiga pasi juu ya gundi ya kitambaa kwanza, ndipo nikaizungushia mshono wa zigizaga; ukishona bila gundi, mabawa yanavuta na nyoka anapinda vibaya. Saizi ni ya mtu mzima, mikono inakunjika.

Koti lina kazi. Baada ya episodi ya mwisho ya siku, analivaa mmoja wa wapya, na yeye ndiye anaanza kusema. Akiwa ndani ya koti hakuna anayejua mwisho atakayemkatiza, kumsahihisha, wala kucheka. Anasema alichoelewa na anachodhani kitatokea. Akimaliza, wapya wengine wanaendelea. Wanaojua ni wa mwisho, na wanaruhusiwa kuuliza maswali tu. Kwa njia hii nimesikia mambo ambayo sikuwahi kuyafikiri, na hadithi hii naijua tangu nikiwa sekondari. Mama jirani alipovaa koti siku ya episodi ya 12, alizungumza juu ya Izumi Curtis, mwalimu wa wale ndugu: mwanamke anayemfundisha mtoto wa mwenzake kwa ukali namna ile, alisema, ni mwanamke aliyepoteza wa kwake. Alisema kama mtu anayezungumza juu ya jirani. Wasichana wangu hawajamtazama Izumi vile vile tangu siku hiyo, wala mama jirani.

Dakika ishirini zinatosha, lakini baada ya episodi ya 3 weka thelathini. Pale kuna nabii anayewapa watu wa mji miujiza, na Lubumbashi kila mtu ana jambo la kusema juu ya nabii. Sheria yetu: zungumza juu ya Cornello, nabii huyo, usitaje mchungaji wa mtu. Chumba kina Wakatoliki, Wakimbanguisti, watu wa makanisa ya uamsho; wote warudi wiki ijayo.

Episodi nzito, na watoto

Parseli haina mlango wa kweli, watoto wataingia. Kwetu mwenye chini ya miaka 12 hatazami Brotherhood, na wazazi wa waliopita hapo wanaambiwa kabla. Koti jekundu na ndugu wawili wasafiri vinadanganya: kuna damu, na kuna episodi ya 4. Ili wadogo wasijisikie wamefukuzwa, Jumapili mchana wana yao, Olive et Tom, mpira mtupu, na kelele zao zinafika mpaka barabara kubwa.

Episodi ya 30 iandaeni. Inarudi kwenye vita vya Ishval, jeshi linawaua raia wa nchi yake, na wanaosimulia ni askari walioshiriki. Katika mji huu wako watu waliokuja kutoka Kivu, kutoka upande wa Moba na Pweto, waliokimbia mambo yasiyo ya katuni. Wiki moja kabla, ninasema mbele ya wote kinachokuja, bila kufichua hadithi, na ninasema kwamba kutoka nje si aibu. Nje kuna jiko la makaa na chai, na mtu wa kukaa na anayetoka. Hapaswi kukaa peke yake. Baada ya episodi hakuna koti siku hiyo. Tunakaa, anayetaka kusema anasema, mwingine hasemi, na mazungumzo yakienda kwenye vita vya kwetu sivirudishi kwenye anime. Arakawa aliandika wale askari bila kuwasafisha na bila kuwafanya mashetani, na hilo ndilo linalowafungua watu midomo.

Chakula na mchango

Franga 1000 kwa mtu, kwa Jumamosi. Mwanafunzi asiye nazo anakuja na mkono wake: kupanga mabenchi, kufagia. Hesabu zinaandikwa ukutani, karibu na ramani. Tunakula mikate na karanga, vitu visivyo na mchuzi, kwa sababu vitambaa vya wateja viko rafuni. Chai ni ya maziwa. Edward hawezi kuvumilia maziwa, na wapya wakifika pale anapoyakataa, kila kikombe kinainuliwa chumba kizima. Bukari (ugali) tunaiacha mpaka siku ya mwisho.

Walio mbali

Wako waliokuwa nasi wakahama. Mmoja yuko Kolwezi, mwingine Kinshasa, wana nakala zao. Tunakubaliana saa ya kubonyeza: 15h00 hapa ni 14h00 Kinshasa, andikeni zote mbili kila wiki kwenye grupu. Simu ya video inakula mega na inachelewa. Sisi tunatumia ujumbe wa sauti wakati wa mapumziko tu, tunausikiliza wote kwa bafle. Kama kuran imekatika kwao, tunawaachia Ijumaa yao kama wengine.

Siku ya 60–64

Tunaanza 13h00. Hakuna mapumziko kati ya 62 na 63, kwa hiyo aendaye msalani aende mapema. Mkalimani siku hiyo anakaa karibu zaidi na mama jirani na anasema kidogo zaidi. Baada ya 64 hatuwashi taa haraka. Kisha wapya wote, kwa zamu, wanavaa koti, na sasa tu wanaojua wanafunguliwa: daftari linatoka kwenye droo, ninalisoma kwa sauti, episodi kwa episodi, na mwenye jina anaeleza alichoona. Ni saa nzima, pengine zaidi, na watu wanapiga makofi mapajani, "njo vile, njo vile!", wanataka diski ya kwanza irudishwe waone wenyewe. Irudishe. Tuna bukari, sombe (majani ya muhogo) na samaki, wazazi wamealikwa, na kwa mara moja hiyo saa ya kumaliza imeombewa ruhusa mapema.

Kura ya mfululizo wa mwaka unaofuata tunaipiga wiki moja baadaye, si usiku ule, maana usiku ule chumba chote kitachagua Fullmetal tena. Anayependekeza awe ameumaliza mwenyewe, aseme una episodi ngapi, kama una VF, kama kuna kitu cha kuwaficha wazazi au cha kuwaambia, na awe tayari kushika daftari.